Focșani: mji uliokatwa katikati na mto mdogo

Wasee, leo twende Romania, mji unaitwa Focșani. Uko mashariki, karibu na milima ya Carpathian, na ndio makao makuu ya kaunti ya Vrancea, inayoongoza nchini humo kwa mvinyo. Odobești, Panciu na Cotești, kote huko ni mizabibu tu.

Lakini mimi mvinyo sio ulionileta. Ni mpaka.

Kwa karne nyingi, mpaka wa Moldavia na Wallachia ulifuata mto Milcov, na hapo Focșani ulipita katikati ya mji. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, lakini kuna Focșani ya Moldavia na Focșani ya Wallachia. Serikali mbili, forodha katikati.

Mwaka 1858 wakubwa wa Ulaya wakakaa Paris kuwaamulia. Wakasema: sawa, tunawapa tume moja ya kutunga sheria za pamoja, ikae Focșani. Lakini kila upande ubaki na mtawala wake na bunge lake. Wakadhani wamemaliza.

Shida ni kwamba mkataba haukusema popote kwamba watawala hao lazima wawe watu wawili tofauti. Januari 1859 Moldavia ikamchagua Alexandru Ioan Cuza. Wiki tatu hazijaisha, Wallachia nayo ikachagua... Cuza huyo huyo! Mtu mmoja, viti viwili. Wakubwa wangefanya nini? Wakakubali tu.

Kufikia 1862 kulikuwa na serikali moja na bunge moja, vyote Bucharest. Tume ya Focșani ikavunjwa. Yaani mji uliobeba mzigo wa mpaka ndio uliopoteza cheo mpaka ulipoondoka. Hapo ndipo naona historia huwa haina shukrani.

Na bado haikuwa imemalizana nao. Mwisho wa karne hiyo mdudu wa filoksera akaangamiza mizabibu Ulaya nzima, Romania ikiwemo. Novemba 1940 tetemeko likaiangusha Panciu karibu yote, na 1977 Vrancea ikatikisa tena hadi Bucharest. Kila mara watu walirudi shambani wakapanda upya.

Kwangu, hilo ndilo funzo. Mpaka ulichorwa na wenye nguvu, ukafutwa na waliousoma mkataba vizuri. So ukipewa karatasi usaini, soma pia kile hakijaandikwa.