Pochi za Parity: jinsi pesa zilivyofungiwa mwaka 2017

Siku hizi kuna watu wanazunguka kwenye magrupu yetu wakisema weka pesa kwenye blokicheni, haiwezi kuibiwa, hakuna mtu anayeweza kuigusa. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inanitisha zaidi. Leo nawaletea historia ya pochi za Parity.

Blokicheni ni daftari linalokaa kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, na kilichoandikwa humo hakifutwi. Ethereum, iliyoanza Julai 2015, iliongeza kitu kingine: unaweza kuweka ndani ya daftari programu ndogo inayoshika pesa na kuzitoa yenyewe kwa masharti yaliyoandikwa. Hiyo tuiite mkataba janja, kama tunavyosema simu janja. Mkataba ukishawekwa, maandishi yake hayabadiliki. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kutoa amri gani lazima lijibiwe mapema, humo humo ndani. Hakuna karani wa kukuomba kitambulisho. Kama maandishi hayakusema "huyu tu", maana yake ni "yeyote".

Parity ilikuwa kampuni ya Gavin Wood, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum. Si watu wa kubahatisha hao. Walitengeneza pochi inayotaka sahihi za watu kadhaa ndipo pesa itoke. Sisi tunaijua hiyo kazi bila kompyuta: lile sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu, na funguo kwa mama watatu tofauti. Mmoja akitaka kukimbia na pesa, anabaki na ufunguo mmoja ambao haufungui kitu.

Lakini kuandika mkataba mzima kwenye Ethereum kuna gharama. Ili kuipunguza, kila pochi ilikuwa fupi tu, na ikipokea amri inaituma kwenye mkataba mmoja mkubwa wa pamoja, unaoitwa maktaba, wenye maelekezo ya kazi zote. Moja ya maelekezo hayo ilikuwa amri ya kuanzisha pochi: wenye pochi ni hawa, sahihi zinazohitajika ni kadhaa. Amri hiyo ilitakiwa itumike mara moja, siku ya kwanza. Hakuna mstari uliosema hivyo.

Tarehe 19 Julai 2017 mtu akaituma amri hiyo kwenye pochi za wengine. Pochi zikatii. Zikafuta wenye mali, zikamwandika yeye. Amri ya pili ikawa: nitumie pesa zote. Hakuvunja kufuli hata moja, bana, alisajiliwa upya kama mwenye sanduku! Pochi tatu zikaondokewa na etha zaidi ya 150,000, karibu dola milioni 30 kwa bei ya siku ile. Kikundi cha wadukuzi wema kilipoona hivyo kikatumia tundu lile lile kuzitoa pesa za pochi nyingine kabla mwizi hajafika, etha zaidi ya 370,000, halafu wakawarudishia wenyewe.

Kesho yake Parity wakaweka maktaba mpya. Safari hii sharti likaandikwa: pochi iliyokwisha kuanzishwa haianzishwi tena. Vizuri kabisa. Ila maktaba yenyewe nayo ilikuwa ni mkataba, na hakuna aliyewahi kuianzisha. Mlango wa kila nyumba ukafungwa, ukabaki wazi mlango wa bohari. Mwezi wa nane mtu mmoja alishauri waianzishe. Wakaona ni jambo la kurahisisha tu, wakaliweka kwa baadaye.

Tarehe 6 Novemba 2017, mtu anayejiita devops199 akaituma amri ya kuanzisha kwenye maktaba, akawa mwenyewe. Halafu akatuma amri ya kujiua, iliyobaki humo tangu maandishi yalipokuwa ya pochi ya kawaida. Maktaba ikajifuta. Pochi 587 zilizoitegemea zikabaki zimeshika etha 513,774 bila uwezo wa kutoa hata moja, kama dola milioni 150 wakati ule. Sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa ya mradi wa Polkadot, wa Wood huyo huyo. Mwenyewe devops199 aliandika GitHub kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mimi siwezi kusema kama ni kweli, lakini hakupata kitu.

Mwaka 2016, baada ya wizi wa The DAO, watu wa Ethereum walikubali kurudisha pesa kwa kugeuza daftari lenyewe, na mtandao ukagawanyika mara mbili. Aprili 2018 likaletwa pendekezo la kuifufua maktaba ya Parity. Kwenye kura, zaidi ya nusu walikataa. Etha zile ziko pale hadi leo, mtu yeyote anaweza kuziona kwa simu yake.

Kwa hiyo anayekuambia "hakuna anayeweza kuigusa", muulize: nani anaweza kubadilisha mwenyewe? Nani anaweza kuufunga mkataba? Na akitoka kwenye kazi, ruhusa yake inafutwa na nani?

Hilo la mwisho liliwaumiza Ronin, daraja la pesa la mchezo wa Axie Infinity. Funguo zilikuwa tisa, zikitosha tano. Kampuni ya mchezo ilishika nne. Novemba 2021 kazi ilizidi, kikundi kilichoshika ufunguo mwingine kikairuhusu kampuni isaini kwa niaba yake. Desemba msaada ule ukaisha, lakini ruhusa haikufutwa. Ni kama mwenyekiti wa zamani ambaye bado ana ufunguo mfukoni. Machi 2022 wezi wakaingia kwenye mifumo ya kampuni, wakapata nne zake, na ya tano wakaikuta kwa njia ya ruhusa ile. Zikaenda etha 173,600 na dola za kidijitali milioni 25.5. Wenyewe walijua siku sita baadaye, mteja mmoja aliposhindwa kutoa pesa zake.