Tunagombana kuhusu kikosi, na shida ni kiti cha kocha

Wasee, kila Shujaa wakichapwa mjadala ni ule ule. Huyu ameitwa kwa nini? Yule mkali wa klabu yetu ameachwa aje? Mimi mwenyewe nimepiga hizo kelele miaka mingi. Lakini juzi nilikaa chini nikapitia historia ya hii timu yetu ya raga ya wachezaji saba, mwaka baada ya mwaka, na nikaona tumekuwa tukipigana vita isiyo yetu.

Tuanze 2012. Mike Friday anakuja kutoka Uingereza. Kwa msimu mmoja tu tunafika fainali Wellington, tunamaliza nafasi ya tano kwenye msururu wa dunia, halafu tunaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Moscow. Msimu ukiisha, ameenda. Anakuja Paul Treu wa Afrika Kusini, na 2014 naye anafunga virago. Felix Ochieng anashika usukani. 2015 anarudi Benjamin Ayimba. Hesabu vizuri: makocha wanne ndani ya miaka mitatu.

Na Ayimba akatupatia ile siku. Jumapili, 17 Aprili 2016, Singapore. Nilikuwa bado shule ya msingi, tumejazana kwa sebule ya jirani, watoto sakafuni, wazee kwa viti. Fiji 7, Kenya 30! Taji letu la kwanza kwenye msururu mkuu, na hatujaongeza lingine. Miezi minne baadaye tukaenda Olimpiki ya Rio, tukapoteza mechi zote za makundi, tukamaliza wa 11. Kazi ya Ayimba ikaishia hapo.

Akaja Innocent Simiyu. Akajenga pole pole, na 2018 tukacheza fainali mbili, Vancouver na Hong Kong. Fiji walitufunga zote, sawa, lakini ni nani hakuona tunakaribia? Mwaka huo huo vijana wakaziba nembo ya mdhamini kwenye jezi huko Paris kwa sababu ya marupurupu. Simiyu akaondoka, Paul Murunga akaingia. Kikosi kilichoenda Dubai mwisho wa mwaka kilijaa sura mpya, maana wakongwe wengi walikuwa wanavutana na chama kuhusu kandarasi. Sisi huku mtaani tukawalaumu wale wageni kwa kudondosha mipira. Manze, walikuwa wamecheza pamoja lini?

Mei 2023, chini ya Damian McGrath, tukapigwa 12-7 na Canada jijini London, na tukashushwa ngazi baada ya zaidi ya miaka 20 tukiwa na wakubwa.

Najua mtaniuliza: si mabadiliko mengine yalifaulu? Ndiyo, na hapo ndipo somo lilipo. Ayimba wa 2015 hakuwa mgeni. Ndiye aliyetufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia 2009, na baadhi ya wale vijana aliwajua kitambo. Kevin Wambua, aliyechukua timu baada ya London, alikuwa msaidizi wa McGrath. Miezi michache tu akaifunga Afrika Kusini kwenye fainali ya Afrika mjini Harare, tiketi ya Olimpiki ikapatikana, na 2024 tukarudi kwa wakubwa kule Madrid. Mabadiliko yanashika pale anayeingia tayari anawajua wachezaji.

Mimi niliacha chuo. Kuna somo moja tulibadilishiwa mwalimu mara tatu kwa muhula mmoja, na kila aliyeingia alianza tena sura ya kwanza. Mtihani ukaja ukatoka kwa sura ya tisa. Tulipoanguka, hakuna aliyeuliza walimu walienda wapi. Tuliitwa wavivu.

Kwa hivyo kikosi kikitajwa tena, kabla hujamtusi kijana wa miaka 20 aliyekosa kukaba mtu, uliza maswali mawili. Kocha wake amekaa naye muda gani? Na je, kandarasi yake imetiwa saini? Majibu yakiwa mabaya, hata ukiwaita wale unaowataka wewe, tutachapwa tu.

Haya, nipingeni. Lakini njooni na miaka, si hasira.