Kerneli mpya ya Linux: Usiifute ya zamani kabla ya hatua hizi

Kerneli ndiyo moyo wa Linux: inaunganisha vifaa vya kompyuta na programu zote unazotumia. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leo hata simu za Android zinaitumia.

Msimbo wake uko wazi, hivyo yeyote anaweza kujijengea yake. Ila ukikosea, kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Kinga ni rahisi: mashine moja inaweza kubeba kerneli kadhaa. Ya zamani ikibaki, una pa kurudi.

1. Jiandae
Hifadhi mafaili muhimu nje ya kompyuta. Amri ya `uname -r` inakuonyesha toleo unalotumia sasa, na `df -h /boot` inakuonyesha kama nafasi inatosha.

2. Pakua kutoka kernel.org
Kama unataka utulivu, chukua toleo lenye alama ya "longterm". Hayo hurekebishwa kwa miaka kadhaa.

3. Usianze na mipangilio mitupu
Ndani ya folda ya msimbo, nakili mipangilio inayofanya kazi tayari:
`cp /boot/config-$(uname -r) .config`
Kisha andika `make olddefconfig`. Ukiondoa draiva ya diski kimakosa, kerneli haitaona mfumo wako na itakwama njiani.

4. Ipe jina lake
Andika `make menuconfig`, kisha jaza sehemu ya "Local version", mfano `-yangu`. Jina likifanana na la zamani, moduli mpya zitafuta zile za mwanzo, na njia yako ya kurudi itaharibika.

5. Jenga, kisha sakinisha
`make -j$(nproc)`
`sudo make modules_install`
`sudo make install`
Amri ya kwanza haihitaji sudo, na kwenye mashine ndogo inaweza kula saa kadhaa. Ikitoa kosa, usiende mbele. Kwenye Debian na Ubuntu, amri ya mwisho huiingiza kerneli kwenye menyu ya GRUB yenyewe.

6. Jaribu
Washa upya. Ikigoma, fungua menyu ya GRUB, ingia "Advanced options" na uchague ya zamani. Ikiwaka, kagua Wi-Fi, sauti na skrini. Kama Secure Boot imewashwa, kerneli isiyosainiwa inaweza kukataliwa.

Itumie siku kadhaa kwanza. Hata ikienda poa, bakiza angalau moja ya zamani.

Kazi haiishii hapo
Kerneli uliyojenga mwenyewe haipati masasisho ya kawaida ya mfumo. Mwanya wa usalama ukigunduliwa, ni wewe wa kupakua toleo jipya na kurudia hatua hizi. Kama huna muda huo, kerneli iliyokuja na mfumo wako ni salama zaidi.