MJUSI WA TENDAGURU NA SWALI LA KIJANA WA LINDI

Bismillahir Rahmanir Rahiim.


Darsa ya leo ni ndefu kidogo. Naomba uisome mpaka mwisho, kwani mwishoni kuna deni langu.

Miaka mingi iliyopita, baada ya sala ya Maghrib, kijana mmoja mwenyeji wa Lindi aliniuliza: "Shekhe, wale mijusi wakubwa waliochimbwa kwetu Tendaguru, dini inasemaje juu yao?" Sikuwa na elimu yoyote ya jambo hilo. Badala ya kusema sijui, nikamjibu: "Achana na uongo wa makafiri." Jamaa wakacheka. Kijana akainamisha kichwa, na tangu siku ile sikumwona tena kwenye darsa.

Mwaka huu ndugu zetu wanaoishi Ujerumani walinialika, na siku moja wakanipeleka kwenye makumbusho ya viumbe ya Berlin. Ukiingia tu ukumbi mkubwa, unakutana naye. Mifupa imesimamishwa, shingo imepanda juu karibu na paa la vioo. Urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13, kama nyumba ya ghorofa nne. Mfupa wa mguu wa mbele, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, peke yake unazidi mita 2. Nilisimama chini yake nikajiona kama sisimizi. Nikasema Subhanallah. Kisha nikasoma kibao: Tendaguru, Tanzania. Hapo nikamkumbuka yule kijana.

Sasa tuisome historia yenyewe.

Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini, akapeleka habari. Mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kuihakiki. Kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin ikaendesha uchimbaji mkubwa, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig.

Simameni hapo kwenye miaka hiyo. Mwaka 1905 hadi 1907 ndiyo Vita vya Maji Maji! Kusini yote ilikuwa imeungua. Wajerumani walichoma vijiji na mashamba ili njaa imalize kazi ya bunduki. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia laki tatu, na wengi wao waliuawa na njaa. Majivu hayajapoa, watu wale wale wanaajiriwa kuchimba mifupa.

Na walichimba kweli. Katika msimu mmoja wafanyakazi walifika mamia. Walichimba mashimo kwa sururu na majembe, wakaufunga kila mfupa usivunjike, kisha wakaubeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Hapakuwa na reli wala gari. Yalikuwa ni mabega ya watu na vichwa vyao. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwa njia hiyo, zikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza nao, wakachimba kuanzia 1924, mifupa yao ikaenda London. Yule mjusi wa Berlin alisimamishwa ukumbini mwaka 1937.

Msimamizi wa wachimbaji, fundi hodari wa kuitoa mifupa bila kuivunja, aliitwa Boheti bin Amrani. Soma jina hilo tena. Ni jina la kwetu, la watu wa pwani.

Ndugu zangu, nimerudi na mafunzo matatu.

LA KWANZA: Muumini haogopi mifupa. Katika Surat Al-Ankabuut, aya ya 20, tumeamrishwa kutembea katika ardhi na kutazama jinsi uumbaji ulivyoanza. Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, tumeambiwa kwamba Allah huumba hata tusivyovijua. Wataalamu wanasema mjusi huyu aliishi miaka takriban milioni 150 iliyopita. Qur-an haikutupa hesabu ya umri wa ardhi, basi kwa nini mimi nigombane na mfupa? Mnyama aliyeumbwa na kutoweka kabla ya mwanadamu hampunguzii Allah ufalme wake. Anatupunguzia sisi kiburi. Kama kiumbe mwenye shingo ile amekwisha akawa jiwe, wewe mwenye kiwanja kimoja na gari la mkopo unajivuna nini?

LA PILI: Haki ya jasho. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na malipo si fedha peke yake, hata kutajwa ni haki. Mwaka 1914 Janensch alimpa mjusi yule jina la brancai, kumuenzi Branca, mkurugenzi wa makumbusho aliyetafuta fedha Berlin. Boheti aliyekuwa shimoni alisubiri mpaka mwaka 2007, ndipo mnyama mwingine wa Tendaguru akapewa jina la Australodocus bohetii. Miaka 93! Tusiwalaumu Wazungu tu. Msikiti wako umejengwa na mafundi gani? Jina la mfadhili limeandikwa kwenye marumaru. Aliyebeba zege anaitwa nani?

LA TATU: Kusema "sijui" ni nusu ya elimu. Maulamaa wetu wakubwa waliulizwa maswali wakasema "sijui" mbele za watu, wala heshima yao haikushuka. Mimi niliogopa kushuka heshima, nikamfungia kijana mlango. Hakuniuliza kwa kejeli. Aliniuliza kuhusu ardhi ya babu zake, na huenda babu yake mwenyewe aliubeba mmoja wa mifupa ile. Nikamwambia ni uongo.

Mifupa ile irudi au ibaki, hilo ni la viongozi wetu kuzungumza na wenzao, na ni haki yetu kuuliza. Lakini mtoto anayeondoka msikitini kwa sababu ya ulimi wa imamu, huyo hatuna wa kumdai ila sisi wenyewe.

Basi wewe kijana wa Lindi, sasa hivi u mtu mzima, pengine una watoto. Kama maneno haya yatakufikia, nisamehe. Swali lako lilikuwa zuri na jibu langu lilikuwa baya. Njoo darsani, safari hii wewe ndiye utuhadithie habari za Tendaguru, nami nikae chini nisikilize.

Na enyi walimu wenzangu wa madrasa, mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie: "Sijui, tukatafute pamoja."

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa na atughufirie makosa ya ndimi zetu. Amin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.