Mtandao umekataa, ila umekataa wapi? Kisa cha simu, upepo na anwani

ALHAMISI moja nilimsindikiza mpwa wangu kutoka Naitiri hadi maktaba moja ya umma huku kwetu, aombe nafasi ya chuo kupitia KUCCPS. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Bando la simu yake lilikuwa limeisha, na bango mlangoni liliahidi waifai ya bure. Tulifika saa sita. Simu ikaonyesha mawimbi yamejaa pomoni, ikaandika kwamba inatafuta anwani, kisha kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka weee, simu ikajitoa na kuanza upya.

“Mjomba, mtandao umekataa,” akaniambia.

Madam wa maktaba alikuwa tayari amempigia fundi. “Mtandao umekataa,” naye akasema. Sauti ya fundi ilitufikia sote: “Umekataa aje?” Madam akanyamaza kidogo. “Si umekataa tu.”

Hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuwa na neno jingine. Mimi mwenyewe, ninayejidai mtu wa lugha, nilitafuta kichwani nimsaidie, nikakosa. Kumbe zamani tulikuwa nayo.

Neno simu lilitoka kwa Waajemi. Kwao sim ni waya, na ni fedha pia, ile ya kutengenezea mapambo. Kebo ya telegrafu ilipofika Zanzibar mwaka wa 1879, hapakuwa na kifaa cha kuweka sikioni. Palikuwa na waya, na habari iliyopita ndani yake ikaitwa kwa jina la njia yake. Kupiga simu kulikuwa kupeleka telegramu. Reli ilipopanda kutoka Mombasa kuelekea ziwani, nguzo za telegrafu zilipanda nayo, na jina likafika bara. Leo Mganda husema essimu na Mbukusu wa Naitiri husema esimu, wala hakuna anayehisi ametaja waya.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mwezi huo huo Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepokea ishara za redio kutoka ng’ambo ya Atlantiki bila waya wowote. Ufundi huo ulipotufikia ulikileta Kiswahili kwenye njiapanda: utaiitaje simu isiyo na simu? Waajemi walisema bisim, yaani bila waya. Waarabu vilevile wakakanusha, lasilki. Hao walitaja kilichokosekana. Mswahili alitaja kilichobeba ujumbe, akasema simu ya upepo. Ukilipasua jina hilo kwa asili yake unapata “waya wa upepo”, na mwalimu wa fizikia atakimbilia kutusahihisha kwamba mawimbi ya redio hayahitaji upepo. Na akimbilie. Kwa mtu anayetafuta kasoro, jina lile lilikuwa na kazi. Lilimwambia kuna njia mbili, na kwamba nguzo ikianguka huathirika moja, si zote mbili.

Kisha likaja neno mtandao. Mzizi wake ni mzuri na mkongwe: tanda, tandaa, utando wa buibui, na mtande, zile nyuzi ambazo mfumaji huzitandika kwanza. Miaka ya 1990 na 2000 lilitwikwa intaneti, likatwikwa kampuni za simu, likatwikwa mawimbi yenyewe. Tanzania wakalitwika hata siasa. Kwenye uchaguzi wa 2005 “wanamtandao” walikuwa kambi ya wanasiasa. Wataalamu hawakulala wakati huo. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka wa 2004, na wengine wakatuletea nywila, tarakilishi, kipakatalishi. Lakini walishughulikia kilicho kwenye skrini. Njia iliyo nyuma ya skrini ikaachiwa neno moja. Waifai nayo haikutusaidia: ni jina la biashara lililobuniwa 1999 livutie sikio, wala halielezi chochote.

Turudi maktabani. Fundi, alipoona hapati jibu, alianza kuuliza vipande vipande. Kompyuta ya Madam, ile iliyochomekwa waya, inafungua kurasa? Inafungua. Basi waya kutoka nje ni mzima. Simu za wasomaji zinaonyesha mawimbi? Zimejaa. Basi upepo nao ni mzima. Hapo akauliza swali ambalo nimelikumbuka tangu siku hiyo: “Wale walioingia asubuhi wanapata?” Madam akatazama ukumbini. Mzee mmoja dirishani alikuwa akisoma habari zake raha mustarehe. Msichana wa kona alikuwa akitazama video ya hesabu. Waliokwama ni sisi wa mchana.

Kasoro haikuwa kwenye waya wala kwenye upepo. Ilikuwa kwenye anwani. Kila simu inayojiunga na waifai hupewa namba ya muda ili majibu yake yajue pa kurudi, na namba hizo huazimwa kama vitabu, kwa muda maalumu. Ndivyo itifaki ya mwaka wa 1993 inavyotaka. Kifaa cha kawaida cha waifai huweza kugawa namba zipatazo 250. Aliyekiweka hiki alikipa 50, na muda wa kuazima saa 24. Mwanafunzi aliyepita asubuhi kwa dakika tano, simu ikajiunga yenyewe mfukoni, aliondoka na namba hadi kesho yake. Saa sita rafu ilikuwa tupu. Mkutubi, ambaye kazi yake yote ni kujua nani ameazima nini na atarudisha lini, alikuwa na tatizo la maktaba kabisa, lakini lilimjia kwa jina la “mtandao umekataa”.

Alipoelezwa hivyo alicheka kwanza. Kisha, kwa maagizo ya simu, akaingia kwenye mipangilio kupitia ile kompyuta ya waya, akapunguza muda kutoka saa 24 hadi saa moja, akakizima kifaa na kukiwasha ili kisahau madeni ya asubuhi. Si kila kifaa husahau, fundi alituonya, ila hiki kilisahau.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kusema: waya umekatika, upepo ni hafifu, sijapewa anwani, nywila imekataliwa. Jamaa zangu hunicheka, hasa kwenye upepo. Siwalazimishi, mawimbi yanatosha. Lakini anwani sitaiachia. Anayesema “sijapewa anwani” amekwisha kumfanyia fundi nusu ya kazi.

Saa nane u nusu kiduara kwenye simu ya mpwa wangu kilisimama, ukurasa ukafunguka, na kufikia saa tisa ombi lilikuwa limeingia. Kijana tuliyemkuta mlangoni, naye akiwa na cheti chake cha KCSE ndani ya bahasha, alikuwa ameondoka kitambo. Aliambiwa mtandao umekataa, akaamini, akaenda kutafuta saiba ya kulipia.