Maji ya moto yanatoka wapi? Mzee alinishinda

  

Mwaka jana mhariri alinituma Songwe, mkoani Mbeya wa zamani, kuandika habari za chemchemi za maji moto. Maji yanatoka ardhini na joto la zaidi ya nyuzi 70, na kando yake kuna matabaka ya mawe ya chokaa yaliyojengwa na maji hayohayo. Mzee mmoja akaniambia: "Mjukuu wangu, haya ni maji ya mvua. Yamezunguka tu huko chini." Nikaitikia kwa heshima, kisha nikaandika gazetini kwamba maji yale yametengenezwa na volkano. Maneno ya mzee nikayaweka mwishoni, chini ya "imani za wenyeji". Mimi nina shahada, yeye hana. Nikaona nimemaliza.

Juzi nimesoma historia ya jambo hili, nikaona aibu.

Swali hili limewasumbua wasomi kwa karne nyingi. Mwaka 1665 padri Mjesuti, Athanasius Kircher, alichora dunia iliyojaa mifereji ya moto na maji, akaamini kuwa bahari hupenya chini kwa chini hadi milimani. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault akafanya hesabu. Alilinganisha mvua inayonyesha kwenye bonde la juu la mto Seine na maji yanayopita mtoni, akakuta mvua ni karibu mara sita. Kumbe mvua inatosha kulisha mito na chemchemi, na chenji inabaki!

Mwaka 1846 Mjerumani Robert Bunsen alikwenda Iceland, akapima joto ndani ya shimo la Geysir. Alieleza kuwa maji ya chini hugandamizwa na uzito wa maji ya juu, hivyo hupata joto kali bila kuchemka. Uzito ukipungua, yanageuka mvuke ghafla na kuruka juu.

Halafu mwaka 1902, mjini Karlsbad, mwanajiolojia Eduard Suess akasema chemchemi kama za hapo hutoa maji mapya, yanayotoka kwenye mawe yaliyoyeyuka na ambayo hayajawahi kuwa mvua. Wengi walimwamini. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake bila kujua.

Jibu lilikuja miaka ya 1950 na 1960, Mmarekani Harmon Craig na wenzake walipopima haidrojeni nzito iliyomo kwenye maji. Mvua ya kila mahali ina kiwango chake, mithili ya alama ya kidole. Kama maji ya moto yangekuwa mapya, yangefanana duniani kote. Hayakufanana. Kila chemchemi ilibeba alama ya mvua ya kwao. Maji huzama kwenye nyufa, hupashwa joto na mawe, kisha hupanda tena.

Suess hakukosa kila kitu. Katika eneo la volkano la Rungwe, heliamu iliyopimwa kwenye gesi za chemchemi inaonyesha asili ya chini sana, kwenye tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Gesi inaweza kutoka kuzimu, lakini maji ni yetu.

Kwa nini nahangaika na hili? Kwa sababu maji ya volkano unaweza kudhani hayana mwisho, lakini maji ya mvua yana bajeti. Kule Wairakei, New Zealand, umeme wa jotoardhi ulianza mwaka 1958, na chemchemi zilizokuwa zikiruka jirani zikanyamaza. Mwaka 1986 serikali yao iliamuru visima vilivyo karibu na chemchemi za Rotorua vifungwe, na chemchemi zikaanza kupata nafuu. Jirani zetu Kenya wanazalisha umeme Olkaria tangu 1981, na vipimo vya aina ya Craig vimeonyesha kuwa sehemu ya maji ya huko ni ya Ziwa Naivasha yaliyovuja chini ya ardhi. Ukichezea ziwa, unachezea mvuke.

Nasi tunazungumzia jotoardhi la Mbeya na Songwe. Tuzungumze, ila tuanze na misitu na milima inayopokea mvua.

Babu, kama kuna mjukuu wako anasoma hapa, akusomee: nilikosea, na wewe ulikuwa sahihi. Safari ijayo nitakuweka aya ya kwanza.