Puto la kamera angani: Kulipaisha ni rahisi, kazi ni kulirejesha salama

PICHA zinazoonyesha mviringo wa dunia na weusi wa anga za mbali zilikuwa kwa miaka mingi milki ya mashirika makubwa yenye roketi na setilaiti. Siku hizi wanafunzi, walimu na wapenzi wengine wa sayansi huzipiga kwa kutumia puto la mpira, gesi na kamera ndogo.

Hata hivyo, wanaoijaribu kazi hiyo hugundua mapema kwamba kulipaisha puto ni sehemu rahisi. Ugumu umo katika kubashiri litakapoangukia na kuhakikisha kuwa halimdhuru mtu njiani.

Mfano uliovuma sana ni wa Septemba 2009, wakati wanafunzi wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani walipopaisha puto kutoka mji wa Sturbridge, Massachusetts. Kwa gharama ya takriban dola 150, walifunga kamera ya kawaida na simu ya bei nafuu ndani ya kisanduku cha kuhifadhia vinywaji baridi. Puto hilo lilipanda hadi kimo cha karibu kilomita 28, na mzigo wake ukapatikana ukiwa na picha zote.

Mbinu yenyewe si ngeni. Kuanzia mwaka wa 1898, mwanasayansi Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alipaisha mamia ya maputo yenye vipimajoto kutoka Trappes, karibu na Paris. Mnamo 1902 alitangaza kwamba baridi huacha kuongezeka baada ya kimo cha kilomita 11 hivi. Ndivyo lilivyotambuliwa tabaka la angahewa liitwalo stratosfia.

Puto hujazwa heliamu au haidrojeni, gesi zilizo nyepesi kuliko hewa. Heliamu ni ghali lakini haishiki moto. Haidrojeni ni rahisi kupatikana lakini cheche moja yaweza kuilipua. Likiachiliwa, puto hupanda takriban mita tano kila sekunde, hivyo huhitaji saa moja na dakika 40 kufikia kilomita 30, karibu mara tatu ya kimo cha ndege za abiria.

Kadiri linavyopanda, shinikizo la hewa hupungua na gesi iliyomo hutanuka. Katika kimo cha kilomita 30, shinikizo huwa takriban asilimia moja tu ya lile la usawa wa bahari. Puto lililoondoka ardhini likiwa na upana wa mita mbili hufikia mita kadhaa zaidi, kisha mpira hushindwa kustahimili na kupasuka. Hapo mwavuli mdogo hufunguka na kuuteremsha mzigo polepole.

Baridi ni adui mwingine. Katika maeneo ya ikweta, joto hushuka hadi nyuzi 80 chini ya sufuri katika kimo cha kilomita 16 au 17. Betri za kawaida huzimika upesi, na ndiyo sababu wazoefu huchagua za lithiamu na kuvifungia vifaa katika sanduku la povu gumu. Ndani yake huwekwa pia vihisi vya kupima joto, unyevu na shinikizo.

Ili kuupata mzigo, kifaa cha GPS hunasa mahali ulipo na redio ndogo hutuma habari hizo ardhini. Simu pekee haitoshi, kwa kuwa hupoteza mawasiliano puto likishapanda juu sana. Aidha, baadhi ya vifaa vya GPS huacha kufanya kazi kupita kimo cha kilomita 18. Kabla ya kupaisha, watalaamu huchunguza utabiri wa pepo za juu, na upepo ukielekea baharini, mjini au kwenye viwanja vya ndege, huahirisha safari.

Tahadhari hiyo si ya bure. Mnamo Oktoba 2025, puto la utafiti la kampuni moja liligonga kioo cha mbele cha ndege ya abiria katika anga ya Utah, Marekani, na rubani akapata majeraha madogo. Miaka miwili awali, Februari 2023, klabu moja ya wapenzi wa maputo jimboni Illinois ilipoteza mawasiliano na puto lake dogo, wakati ule ule ndege ya kivita ya Marekani ilipotungua kitu kisichotambulika katika eneo la Yukon, Canada.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huyahesabu maputo yenye mzigo usiofika kilo nne kuwa mepesi na kuyalegezea masharti. Hata hivyo, kila nchi ina sheria zake.

Wakenya si wageni wa maputo. Kwa miaka mingi, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imekuwa ikiyapaisha kutoka Dagoretti, Nairobi, na kati ya 2020 na 2021 maputo ya kampuni ya Loon yalisambaza intaneti katika sehemu za nchi. Kwa shule au klabu inayotaka kujaribu, hatua ya kwanza ni kuwasiliana na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), kabla hata ya kununua gesi.